Mkeka wa sponji wa mtoto: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

MTOTO anapotimiza miezi minne hivi, huanza kujaribu kujipindua. Miezi michache baadaye huketi, kisha hutambaa, na kabla mzazi hajatanabahi, tayari anashikilia kiti akijaribu kusimama. Katika kipindi hiki chote, maisha yake ya mchana huwa sakafuni.

Ndipo wazazi wengi, hasa wanaoishi katika nyumba zenye sakafu ya simiti au vigae, huamua kununua mkeka wa sponji wa kuchezea. Mikeka hii huuzwa katika supamaketi, katika maduka ya mitaa kama Eastleigh jijini Nairobi, na hata na wachuuzi wa kando ya barabara. Mingine huwa kipande kimoja kinachokunjwa. Mingine ni vipande vya mraba vinavyounganishwa kwa meno, aghalabu vikiwa na herufi, nambari au picha za wanyama.

Faida yake ni bayana. Mkeka humkinga mtoto dhidi ya baridi ya simiti, hupunguza maumivu anapoanguka akiwa ameketi, na humpa mahali safi pa kujinyoosha. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, kwa vipindi vifupi vifupi, ili aimarishe shingo, mabega na mgongo.

Hata hivyo, mtoto aliyelazwa kifudifudi huwa na pua yake sentimita chache tu kutoka kwa sponji. Huilamba, huinyonya na, meno yanapochipuka, huiuma. Kwa sababu hiyo, rangi na bei si vigezo vya kutosha. Jambo la kwanza ni kujua mkeka wenyewe umetengenezwa kwa kitu gani na unaweza kumeguka kwa njia gani.

Mzazi hana maabara ya kupimia kemikali. Lakini ana macho, pua, vidole na haki ya kumuuliza muuzaji maswali. Akivitumia vyote hivyo kabla ya kutoa pesa, anaweza kuepuka sehemu kubwa ya hatari.

Aina za sponji

Jina “sponji” hutumiwa kwa vitu kadhaa tofauti. Mikeka mingi ya vipande vya kuunganisha hutengenezwa kwa plastiki aina ya EVA, ambayo pia hutumiwa kutengeneza kandambili na soli za viatu vya michezo. Ni nyepesi, hainyonyi maji kwa urahisi na husafishika kwa kitambaa. Upungufu wake ni kwamba ikiwa ya ubora duni humeguka kwa kucha au meno.

Aina ya pili ni XPE, ambayo ni sponji ya polietilini. Hutumiwa sana katika mikeka inayokunjwa au kuviringishwa, na kwa kawaida hufunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki wenye picha. Hapa mzazi anapaswa kuchunguza utando huo, hasa kwenye mikunjo na pembeni. Ukianza kubanduka, mtoto atauvuta na kuutia kinywani.

Aina ya tatu ni PVC. Plastiki hii kwa asili ni ngumu, na ili iwe laini huongezewa kemikali za kulainisha. Kemikali hizo ndizo zilizozua wasiwasi mkubwa, kama itakavyoelezwa.

Aina ya nne ni sponji ya poliyurethani, ile ile ya magodoro. Baadhi ya wazazi hununua vipande vilivyobaki baada ya magodoro kukatwa, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu. Sponji hii haifai kutandikwa ikiwa wazi. Hunyonya mkojo na uji, hukauka polepole, humeguka vipande vidogo na hushika moto upesi. Ikiwa hapana budi itumike, sharti ishonewe kifuniko imara kisichopitisha maji, na zipu yake isiweze kufikiwa na mtoto.

Mikeka ya mazoezi ya mwili ya watu wazima pia hutumiwa na baadhi ya familia. Hiyo haikutengenezwa kwa kuzingatia kwamba kuna atakayeilamba, hivyo si mbadala mzuri.

Kemikali zilizozua wasiwasi

Ili plastiki igeuke sponji, kiwanda huichanganya na unga ambao ukipashwa joto hutoa gesi na kuacha mapovu ndani yake, mfano wa hamira inavyoumua unga wa maandazi. Unga mmoja unaotumiwa sana kwa kazi hiyo unaweza kuacha mabaki ya kemikali iitwayo fomamidi.

Katika Muungano wa Ulaya (EU), fomamidi imewekwa katika kundi la dutu zinazoweza kudhuru uzazi, hasa mtoto aliye tumboni. Mnamo Desemba 2010, serikali za Ubelgiji na Ufaransa zilichukua hatua ya kuzuia uuzaji wa mikeka ya vipande vya kuunganisha kwa sababu ya kemikali hiyo. Mwaka wa 2015 EU ilipitisha kanuni kuhusu vitu vya kuchezea vya watoto wa chini ya miaka mitatu, iliyoanza kutumika Mei 2017. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, sponji yenye zaidi ya miligramu 200 za fomamidi kwa kila kilo sharti ipimwe hewa inayotoka kwake, na kiwango kisizidi maikrogramu 20 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa baada ya siku zisizozidi 28.

Mnunuzi hawezi kupima viwango hivyo dukani. Umuhimu wa kuvifahamu ni kwamba mikeka iliyotengenezwa kwa ajili ya masoko yenye kanuni kama hizo huwa na nambari ya kiwango kilichofuatwa, na nambari hiyo inaweza kusomwa.

Kundi la pili la kemikali ni thaleti, zinazolainisha PVC. Baadhi yake huvuruga homoni za mwili. EU ilipiga marufuku aina tatu, DEHP, DBP na BBP, katika vitu vyote vya watoto vyenye zaidi ya asilimia 0.1, kuanzia Januari 2007. Marekani ilifuata kwa sheria ya mwaka wa 2008. Kwa hivyo, mkeka wa PVC usiokuwa na maelezo yoyote kuhusu thaleti ni afadhali uachwe, hata kama bei yake inavutia.

Kundi la tatu ni kemikali za kupunguza kasi ya moto, ambazo huongezwa katika sponji ya poliyurethani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2011 ulichunguza bidhaa 101 za watoto zenye sponji hiyo, na 80 kati yake zikapatikana na kemikali za aina hii. Hazikuwa mikeka pekee, lakini matokeo hayo yalionyesha kwamba neno “laini” halimaanishi “safi”.

Herufi zinazong'oka

Kemikali hufanya kazi yake polepole. Hatari inayoweza kumwangamiza mtoto kwa dakika chache ni kipande kinachomsakama kooni.

Mikeka yenye herufi na nambari zinazotolewa huvutia wazazi kwa kuwa inaonekana kuwa ya elimu. Lakini mtoto wa miezi minane hajui “A” wala “B”. Anachojua ni kung'oa na kutia kinywani. Tundu la katikati ya herufi kama “O”, nukta ya “i” na macho ya picha za wanyama huwa vipande vidogo vinavyotosha kuziba njia ya hewa. Sponji ni hatari zaidi kwa sababu hubonyea ikafuata umbo la koo, na plastiki kwa kawaida haionekani vyema kwenye picha ya eksirei.

Maabara za kupima vitu vya watoto hutumia kopo la mviringo lenye upana wa milimita 31.7. Kitu chochote kinachoingia chote ndani yake huhesabiwa kuwa kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nyumbani, mzazi anaweza kutumia kibomba cha karatasi kinachobaki baada ya karatasi ya chooni kwisha. Kibomba hicho ni kipana kidogo kuliko kopo la maabara, hivyo kinampa nafasi zaidi ya usalama. Kipande kinachopita humo kiondolewe.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, mkeka bora ni ule usiokuwa na kitu chochote cha kung'oa. Ikiwa tayari umenunuliwa wenye herufi, vipande hivyo vinaweza kuhifadhiwa mahali pasipofikiwa hadi mtoto akue, na vipande visivyokuwa na matundu vitumiwe badala yake.

Aidha, kila mlezi, awe mama, baba, nyanya au yaya, anapaswa kufahamu huduma ya kwanza. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyesakamwa na asiyeweza kulia wala kukohoa hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikielekea chini, akapigwa mgongoni mara 5 kati ya mabega, kisha akageuzwa na kusukumwa kifua mara 5. Hatua hizo hurudiwa huku msaada ukitafutwa. Kidole kisiingizwe kooni kutafuta kitu kisichoonekana, kwani kinaweza kukisukuma ndani zaidi. Muuguzi wa kliniki anaweza kuombwa aonyeshe hatua hizi siku mtoto anapopelekwa kuchanjwa.

Unene na ukubwa

Wauzaji wengi husifu unene. Ni kweli kwamba mkeka wa milimita 10 au 12 ni mwembamba kwa mtoto anayeanza kuketi na kuanguka kinyumenyume, na ule wa milimita 20 humkinga vyema zaidi. Lakini unene bila uthabiti hauna maana. Sponji inayodidimia hadi sakafuni ikibonyezwa kwa kidole gumba haimkingi mtoto, hata ikiwa nene. Na ile laini kupita kiasi humtatiza anayejifunza kusimama.

Ifahamike pia kwamba hakuna mkeka unaoweza kumkinga mtoto anayeanguka kutoka kitandani, mezani au kwenye ngazi. Kazi yake ni kupunguza makali ya maanguko madogo ya sakafuni pekee.

Kuhusu ukubwa, mkeka wa mita 1.2 kwa mita 1.2 unatosha mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa. Eneo hilo linaweza kupatikana kwa vipande 4 vya sentimita 60 au vipande 16 vya sentimita 30. Tofauti yake ni viungo. Vipande 4 vina viungo 4 tu, ilhali vipande 16 vina viungo 24. Kila kiungo ni mahali ambapo uji, mkojo na vumbi hupenya, na ambapo mtoto huanzia kuvuta. Vipande vikubwa na vichache ni afadhali.

Majaribio ya dukani

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe mkeka ufunguliwe. Muuzaji anayekataa kabisa bidhaa yake ichunguzwe ametoa jibu tayari.

Jaribio la kwanza ni la pua. Harufu kali inayochoma au kuumiza kichwa ni sababu tosha ya kuuacha mkeka. Hata hivyo, kukosa harufu si uthibitisho wa usalama, kwa kuwa fomamidi yenyewe haina harufu kali.

La pili ni la kucha na vidole. Pembe ya mkeka ikwaruzwe na kuvutwa. Ikimeguka mikononi mwa mtu mzima dukani, itameguka kinywani mwa mtoto.

La tatu ni la kitambaa. Kitambaa cheupe chenye maji kidogo kisuguliwe juu ya rangi. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia pia kwenye ulimi wa mtoto.

La nne ni la kidole gumba. Sponji nzuri hurudi mahali pake upesi baada ya kubonyezwa. Inayobaki na shimo itachakaa mapema.

La tano ni la sakafu. Mkeka utandikwe chini na kusukumwa kwa mguu. Ukiteleza ovyo au pembe zake zikijikunja juu, utamkwaza mtoto pamoja na anayembeba.

Alama na haki za mnunuzi

Nchini Kenya, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) ndilo lenye jukumu la viwango. Tangu 2005, bidhaa nyingi zinazoagizwa kutoka nje zimekuwa zikitakiwa kukaguliwa katika nchi zinakotoka kabla ya kusafirishwa. Bidhaa za nje zilizoidhinishwa huwa na kibandiko cha ISM, na zilizotengenezwa nchini huwa na alama ya ubora ya shirika hilo.

Kibandiko peke yake hakitoshi kwa kuwa kinaweza kughushiwa. Mnunuzi aangalie pia kama pakiti ina jina na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji, aina ya plastiki, umri wa mtoto anayekusudiwa na nambari ya kiwango. Nambari zinazotambulika kimataifa kuhusu vitu vya kuchezea ni kama EN 71 ya Ulaya, ASTM F963 ya Marekani na ISO 8124. Maneno matupu yanayodai kwamba mkeka “hauna sumu”, bila nambari yoyote, ni ahadi ya muuzaji tu. Nazo herufi CE, kwa bidhaa nyingi za aina hii, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe.

Jambo jingine la kusoma kwa makini ni onyo la umri. Pakiti ikisema bidhaa haifai watoto wa chini ya miaka mitatu, mkeka huo si wa mtoto mchanga, hata kama picha iliyo juu yake ni ya mtoto anayetambaa.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari zinazohitajika ili azitumie ipasavyo, na fidia endapo atadhurika kutokana na kasoro zake. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 ilifafanua zaidi haki hizo. Lakini asiyekuwa na risiti atapata taabu kuthibitisha malalamishi yake, hivyo risiti na pakiti zihifadhiwe.

Baada ya kufika nyumbani

Mkeka mpya usitumiwe siku hiyo hiyo. Uondolewe kwenye pakiti, upanguswe kwa maji na sabuni isiyo kali, kisha uanikwe kwa siku kadhaa mahali penye hewa na kivuli. Hatua hii hupunguza kemikali zinazotoka kwenye sponji mpya, ingawa haiwezi kuugeuza mkeka mbovu kuwa mzuri. Jua kali halifai, kwani hukausha sponji na kuifanya imeguke.

Baadaye upanguswe kila siku. Angalau mara moja kwa wiki vipande vitenganishwe, vioshwe, na sakafu iliyo chini ipigwe deki na kukauka kabisa. Katika maeneo yenye unyevu mwingi kama Pwani, au katika nyumba za ghorofa ya chini ambazo simiti hutoa majimaji, kuvu huota chini ya mkeka bila kuonekana. Madoa meusi na harufu ya uvundo ndizo dalili zake.

Kipande kilichoumwa au kuraruka kitolewe. Kisichomwe moto pamoja na takataka, kwa sababu moshi wa plastiki una sumu. Kwa sababu hiyo hiyo ya moto, mkeka uwekwe mbali na jiko, koroboi na mishumaa. Wala chupa ya chai isiwekwe karibu nao.

Si mahali pa kulala

Huenda kosa la kawaida zaidi ni kumwacha mtoto aliyesinzia akichezea alale pale pale. Mkeka wa kuchezea haukutengenezwa kwa usingizi. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani (AAP), katika mwongozo wake wa mwaka wa 2022, kilisisitiza kwamba mtoto mchanga alazwe chali, mahali tambarare na thabiti, pasipo mito wala vitu laini karibu na uso wake. Mtoto mdogo aliyelala kifudifudi juu ya sponji laini anaweza kukosa hewa bila kutoa sauti.

Kwa hivyo, akisinzia ahamishwe. Na akiwa macho kifudifudi, mtu mzima awe karibu naye akimtazama.

Asiyekuwa na uwezo

Si kila familia inayoweza kumudu mkeka wenye nambari za viwango, na mtoto hatakosa kukua kwa sababu hiyo. Kabla ya sponji kuja, watoto walijifunza kutambaa juu ya mkeka wa ukindu uliotandikwa blanketi lililokunjwa na leso safi juu yake. Mpangilio huo ungali unafaa hadi leo. Blanketi na leso hufuliwa, na mkeka huanikwa. Kinachohitajika ni kukata nyuzi zilizochomoka, kuhakikisha rangi ya ukindu haichuji, na kuvuta blanketi lisiwe na mikunjo.

Waswahili husema rahisi ghali. Mkeka wa bei nafuu unaomeguka baada ya mwezi mmoja hauna unafuu wowote. Kati ya sponji isiyojulikana ilikotoka na leso safi iliyotandikwa juu ya blanketi, leso ni chaguo bora kwa mtoto.